Mume wa Miaka Sita

Mliniacha wiki jana nikiwa nimesimama juu ya kiti cha Gredi ya Pili, mbele ya wazazi, mkono wa kulia juu, nikiapa. Kwa msomaji anayejiunga nasi leo, nitaeleza upesi nilichokuwa nikiapia.

Mimi ni Kaimenyi, mwalimu mkuu wa shule ndogo ya umma mjini Embu, nyuma kidogo ya mtaa wa Dallas. Ofisi ya elimu ilikuwa imetoa amri. Ijumaa, afisa angekuja kuhesabu wanafunzi walioketi madarasani. Wakifika mia moja na hamsini, shule ingeishi. Wakipungua, hata kwa mmoja, ingefungwa na watoto wapelekwe shule kubwa iliyo ng'ambo ya barabara kuu ya Meru. Barabara hiyo haina kivuko. Ina magari ya miraa yanayokimbia kana kwamba breki ni dhambi.

Wazazi walipendekeza tuazime watoto kutoka shule ya kibinafsi iliyo jirani, ile yenye basi la manjano. Siku moja tu, wakasema. Nani atajua?

Ndipo nilipopanda kiti.

"Katika shule hii hataazimwa mtoto hata mmoja!" nikanguruma. "Kila kichwa kitakachohesabiwa kitakuwa chetu. Mimi nimelelewa na shule ya bweni. Neno langu likitoka halirudi."

Wazazi walipaza sauti. Nilidhani wananishangilia. Baadaye naibu wangu, Bi Gladwell, alinieleza kwamba walikuwa wakinionya kwamba kiti kimeanza kupasuka.

Hayo ndiyo ya wiki jana. Sasa sikilizeni kilichofuata kiapo.

Jumatatu asubuhi simu ililia.

"Haro? Huyo ni Mwalimu Bweni?"

Hilo ndilo jina nililopewa Dallas bila idhini yangu.

"Ni Mwalimu Mkuu Kaimenyi. Nazungumza na nani?"

"Ni mimi Cucu Wambeti, nyanya wa hapa karibu na posho mili. Nataka kuleta bwanangu shule."

Nilihamishia simu sikio la pili.

"Kumleta nani, mama?"

"Bwanangu! Anakaa tu kwa nyumba, anasumbua kuku. Na jana amekojoa kitanda tena."

Nilisikitika. Uzee ni mgeni asiyebisha hodi.

"Pole sana, mama. Hajui kusoma kabisa?"

"Hata *a* hajui. Lakini ako na akili, usimwone hivyo. Anaimba!"

"Hajawahi kwenda shule maishani mwake?"

"Angeenda aje na hakuna mtu wa kumpeleka? Si ndio nakuambia nimlete!"

"Mama, shule hii si mahali pa wazee," nikasema kwa upole unaostahili. "Mpeleke gumbaru, darasa la watu wazima. Liko katika ukumbi ulio kando ya ofisi ya chifu. Huko atapata watu wa rika lake."

Kuku wakalia upande wake wa simu.

"Rika lake? Kwa chifu?"

"Huko huko."

"Haya. Wewe ndio umesoma."

Nilikata simu nikiwa nimeridhika. Nilikuwa nimemhudumia raia kwa adabu na nimelinda utaratibu. Je, nilimsimulia Bi Gladwell? La, sikumsimulia. Ningemsimulia, hadithi hii ingeishia hapa.

Ijumaa ikafika. Bi Gladwell alipita madarasani na chaki mkononi, akanijia mlangoni mwa ofisi.

"Mia moja arobaini na tisa, Mwalimu."

"Rudia."

"Nimerudia. Hata yule wa Gredi ya Tatu aliye na tetekuwanga nimemhesabu kupitia dirisha la ghala."

Kwa miaka mitano idadi yetu ilikuwa ikinyauka kama mahindi ya Mbeere mvua ikikosa. Wenye uwezo walinyakuliwa na basi la manjano. Waliobaki walikuwa watoto wa wauza chapati, wachomeleaji vyuma, wafua nguo na askari wa usiku: Waembu, Wambeere, Wakamba, Wameru wenzangu, na pacha wawili wa fundi viatu kutoka Busia. Zaidi ya nusu waliishi na nyanya zao, kwa sababu mama yuko Nairobi au Ughaibuni akilea watoto wa wengine.

"Na mjukuu wa Cucu Wambeti?" Bi Gladwell akauliza. "Aliniambia kanisani atamleta wiki hii."

"Mjukuu simjui. Cucu Wambeti alinipigia simu akitaka kumleta mumewe."

Bi Gladwell aliweka chaki mezani.

"Mumewe."

"Mumewe."

"Anayekojoa kitanda."

"Ulijuaje?"

"Anayeimba. Anayesumbua kuku." Alivuta pumzi. "Mwalimu, huyo ni Njagi. Ana miaka sita. Amepewa jina la babu yake, marehemu. Sasa Cucu atamwita nani kama si bwanake? Kwani huko kwenu Meru, nyanya humwita nani mjukuu aliyerithi jina la mzee wake?"

Huko kwetu humwita vivyo hivyo. Mimi mwenyewe nilikuwa mume wa nyanya yangu, nikipewa kipande cha kwanza cha nyama, mpaka asubuhi niliyopelekwa bweni. Huko nikawa namba ya kitanda.

"Afisa anafika saa ngapi?" nikauliza.

"Saa sita."

Nilipanda bodaboda, jambo nililowakataza walimu wangu kulifanya wakiwa wamevaa tai. Tai yangu ilipeperuka mpaka ikampiga dereva kwenye sikio.

"Mwalimu Bweni, unanichapa na sijafanya kitu!" akalia.

Ukumbini kando ya ofisi ya chifu, wimbo ulikuwa umepamba moto. Akina mama wazee waliketi mabenchini, leso vichwani, wakipiga makofi. Mbele yao, juu ya meza ya mwalimu, alisimama mwanamume mmoja mfupi mno, shati nje, ngwaci, yaani kiazi kitamu cha kuchemsha, katika kila mkono, akiwaongoza kuimba *a, e, i, o, u*.

Mwalimu wa darasa hilo, Bwana Nthiga, alinipokea kwa furaha iliyonitia shaka.

"Karibu, Mwalimu! Umeniletea mwingine?"

"Nimekuja kumchukua aliyeletwa kwa makosa."

"Makosa ya nani?"

"Yangu."

Kutoka benchi la mbele sauti ikasema, "Sema tena, Mwalimu. Huyu mwenzangu hasikii vizuri."

Alikuwa Cucu Wambeti. Alikuwa mwembamba, wima kama mlingoti wa bendera, na penseli nyuma ya sikio.

"Nilikosea, mama," nikarudia.

"Ameskia," akasema, akimwonyesha mwenzake ambaye, kwa maoni yangu, alikuwa akisikia vizuri tangu mwanzo. "Si wewe ulisema rika lake liko huku? Nikamleta. Siku ya kwanza wamama waliuliza, Wambeti, huyu ndiye mzee wako? Nikasema ndiye, mwalimu amesema. Sasa wanamwita Mzee Njagi. Wanamletea ngwaci. Sasa unataka kunitolea bwana kwa kilabu?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nilirekebisha tai.

Bwana Nthiga alinivuta kando, ingawa kando hapo ilikuwa hatua moja tu, na Cucu Wambeti akabaki ameketi katikati yetu.

"Mwalimu, mimi pia ninahesabiwa," akanong'ona. "Leo jioni. Nikikosa watu kumi na watano, darasa linafungwa. Na huyu mzee wako na mkewe, niko na kumi na sita."

"Kwa hiyo ukimwachilia mtoto utabaki na kumi na watano."

"Nitabaki nao. Mtoto chukua, hata sheria itanicheka nikimshika. Lakini mama asiguswe. Mama akienda, nimefungwa."

"Mama ni mwanafunzi wako," nikasema. "Sina haja naye. Mtoto ni wangu, mama ni wako."

"Neno la bweni?"

"Neno la bweni."

Tukashikana mikono juu ya kichwa cha Cucu Wambeti. Yeye aliinua macho, akaitazama ile mikono, akainamisha macho tena. Hakusema neno. Laiti ningelijua kusoma kimya kama ninavyojua kusoma ratiba.

Njagi alikataa kuondoka bila mkewe. Ikabidi Cucu amsindikize. Tulirudi sote watatu kwa bodaboda mbili, na langoni nikatekeleza wajibu wangu.

"Ingiza shati ndani," nikamwambia mtoto.

Akaliingiza nusu.

"Hapa hatuli darasani. Lete hizo ngwaci."

Alizishika zaidi. Nilimpokonya zote mbili, nikazitia katika mfuko wa koti langu. Midomo yake ikaanza kutetemeka.

"Na mwanamume halii."

Akalia kwa sauti iliyowatoa wachomeleaji kwenye karakana zao.

"Mwalimu," Cucu Wambeti akasema taratibu, "huyu amekaa siku nne kwa watu wazima na hakuna siku amelia."

Nilijifanya nasoma saa. Bi Gladwell alimwandikisha Njagi papo hapo. Jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, mlezi: kila kitu halali kama sakramenti. Tulikuwa mia moja na hamsini! Nilisimama chini ya bendera nikavuta hewa ya Embu kama mtu aliyeikodi.

Hewa hiyo sikuimaliza. Tuktuk ilisimama langoni ikiwa na godoro juu yake na meko ya gesi mlangoni. Alishuka Murithi, fundi cherehani, baba wa Kananu wa Gredi ya Nne.

"Mwalimu, samahani sana. Tunahama. Nimepata kazi Meru, kwa duka ya yunifomu. Nimekuja kuchukua Kananu."

"Leo?" Bi Gladwell akasema. "Sasa?"

"Lori inatungoja pale steji. Iko na viazi za watu."

"Viazi *vya* watu," nikamrekebisha. Mazoea ni kama ngozi.

Bi Gladwell alimkamata mkono. "Baba Kananu, nakuomba. Saa moja tu. Mtoto akae hapo ahesabiwe, halafu mwende hata Marsabit mkitaka."

"Madam, dereva ataniacha. Vitanda zangu ziko huko juu."

"Mwalimu, mwambie! Mwambie hatumwachilii kabla ya chakula cha mchana. Utafute kanuni. Wewe hukosi kanuni!"

Wote wawili walinitazama. Kanuni niliijua, na haikuwa upande wetu. Mzazi akija mchana kweupe kumchukua mwanawe, shule haina ruhusa ya kumzuia. Na mtoto ambaye baba yake amekwisha kufunga godoro si mwanafunzi wetu tena. Angekuwa wa kuazima.

"Kananu," nikaita, "chukua mkoba wako. Msalimie mwalimu wako mpya kwa heshima."

Tuktuk ikaondoka. Bi Gladwell alinitazama kama mtu anayemtazama mwenzake akilikata tawi alilokalia, tena kwa msumeno wa mkopo.

"Mia moja arobaini na tisa," akasema.

Kabla sijajibu, gari la ofisi ya elimu likaingia.

Afisa alikuwa Madam Carol, mwanamke mchanga mwenye viatu bapa na maswali ya haraka. Alitembea kutoka darasa hadi darasa akihesabu kwa kidole, na mimi nikimfuata kama mshtakiwa.

"Wasichana wamezidi wavulana. Kwa nini?"

"Mvulana akiona basi la manjano, humlilia mamake mpaka ahamishwe. Msichana haombi, kwa kuwa anajua pesa hizo ndizo za kuziba paa linalovuja."

"Wanaishi na nani wengi wao?"

"Na nyanya zao."

"Kwa hiyo mzazi wa shule hii ni nyanya."

Sikuwahi kuliona hivyo. Katika kila mkutano nilianza kwa kusema "akina baba na akina mama."

Tulifika Gredi ya Kwanza mwisho. Watoto waliimba salamu. Madam Carol akahesabu, akafika dawati la nyuma, kidole kikasimama hewani.

Njagi aliketi hapo, macho mekundu, shati nusu ndani. Kando yake, magoti yakigusa kidevu, aliketi Cucu Wambeti. Kila alipojaribu kuondoka, mumewe alipiga mayowe, na mwalimu wa darasa akaona heri abaki. Lakini hakuwa amebaki bure. Daftari la mtoto lilikuwa mbele yake. Alikuwa akiandika *a*, ulimi nje, paji la uso limekunjamana, kana kwamba ile herufi ni mbuzi anayekataa kuingia bandani.

"Bila yule mama," Madam Carol akasema, "ninazo mia moja arobaini na tisa. Pamoja naye, mia moja na hamsini."

Nilisikia Bi Gladwell akiacha kupumua.

"Mwalimu Mkuu, mimi sina shida na umri. Mtu mzima akitaka kuanzia Gredi ya Kwanza, namwandika bila wasiwasi. Nataka jibu moja tu. Huyu ni mwanafunzi wako, au ni mgeni?"

Nilifungua kinywa. Katika dirisha, nyuma ya kichwa cha Madam Carol, alijitokeza Bwana Nthiga. Alikuwa amekuja kumchukua mwanafunzi wake kabla ya kuhesabiwa jioni. Aliinua mkono wake wa kulia, ule nilioushika asubuhi, akaupunga kidogo.

Nikisema mwanafunzi, nimevunja neno nililompa Nthiga, na nimeazima kichwa cha darasa lingine kinyume cha kiapo changu mwenyewe. Nikisema mgeni, Jumatatu watoto hawa wote watasimama ukingoni mwa barabara ya Meru wakingoja magari ya miraa yapite.

"Mwalimu?" Madam Carol akasema.

"Yeye ni..." nikaanza.

"Ni wangu," Nthiga akasema dirishani. "Tuliongea. Mtoto wako, mama wangu. Ama neno la bweni limeoza?"

Hapo mkono uliinuka dawati la nyuma. Uliinuliwa sawasawa, kiwiko kimenyooka, kama tunavyowafundisha.

"Mwalimu, naomba kuongea."

"Sema, mama."

Cucu Wambeti alisimama. Alimtazama Nthiga, kisha mimi.

"Asubuhi mlishikana mikono hapa," akagusa utosi wake. "Mkanigawa kama mbuzi wa mahari. Huyu wako, huyu wangu. Nikanyamaza. Nikasema, acha nione kama kuna mmoja atakumbuka kuniuliza. Hakuna." Aliipuliza penseli yake. "Lakini hata mahari haigawanywi hivyo. Mwanamke akiwa ameolewa, mnaongea na nani?"

Nthiga alishusha mkono wake.

"Mnaongea na bwanake. Na bwanangu yuko hapa. Hakuna mtu amemwuliza." Akainama, akampangusa mtoto kamasi kwa ncha ya leso, akamwita kwa jina la binti yao, kama alivyokuwa akimwita marehemu. "Baba Purity, unasikia? Wanataka kujua mke wako atasomea wapi. Hapa, ama kule kwa wamama? Sema wewe. Vile utasema, ndivyo nitafanya, na hakuna mwalimu atanitoa hapo."

"Mama," Madam Carol akasema, akizuia kicheko, "naandika atakachosema?"

"Andika. Hilo ndilo neno langu."

Kalamu ya afisa ikashuka, ikasimama juu ya karatasi.

Darasa zima likageuka. Bi Gladwell alishika fremu ya mlango. Nilimtabasamia Njagi, tabasamu ambalo, naambiwa, halikuwa limeonekana katika shule hiyo tangu niripoti kazini.

Mzee Njagi, mwenye miaka sita, hakunirudishia tabasamu. Alimtazama Nthiga aliye dirishani, mwalimu wa mahali palipo na nyimbo. Kisha macho yake yakanigeukia mimi, yakapita tai, yakapita vifungo, yakashuka taratibu mpaka yakatua kwenye mfuko wa koti langu, uliokuwa umevimba kwa ngwaci zake mbili.

Akafuta pua.

Akafungua kinywa.